Kabati la Meneja

Kama umewahi kukwangua mlango wa zamani, unajua kazi yake. Mlango wa sebule ya nyumba ya baba ulikuwa wa kijani nilipoukuta. Chini ya kijani kukatokea samawati, chini ya samawati kukatokea rangi ya maziwa, na chini kabisa, baada ya fundi kutoa jasho na mimi kumaliza chupa nzima ya chai nikimtazama, ukatokea mti wenyewe, wa rangi ya asali, mistari yake imetulia kama vile haikuwahi kufunikwa. Fundi akasema mti kama huu siku hizi haupatikani. Nikaitikia kwa kichwa, kana kwamba ni mimi niliyeupanda.

Nimestaafu, rafiki yangu, na nimerudi kukaa na mama. Badala ya kufuga kuku kama wanawake wastaafu wenye akili, nimejiingiza katika kuitengeneza nyumba hii irudi vile ilivyokuwa nikiwa mdogo. Watoto wangu walioko Nairobi ndio walionitia kichaa hiki. Wananiambia mtindo ule umerudi: viti vya miguu myembamba iliyochanua nje, vioo vya mviringo, sakafu nyekundu ya simiti. Wanasema watu wa mjini wanavigombania. Basi nikaanza kuzunguka. Huko Mwingi nilivipata viti vinne nyuma ya lodging iliyofungwa kando ya barabara ya Garissa, kuku wametagia juu yake. Huko Kanyangi nilimkuta mama mmoja akipura kunde juu ya meza ya chai yenye umbo la haragwe, nikamwomba aniuzie, akaniangalia kama mtu aliyetoroka hospitali. Kioo nilikipata Makindu kwa muuza vitu vikuukuu. Mama ananiona nikishusha mizigo hii, anakaa zake kwenye veranda na kiondo chake cha kusuka mapajani. Macho yake yamepungua lakini masikio yako kazini.

Ukiniona nikipangusa miguu ya kiti kwa mafuta ya taa, polepole, kwa mapenzi, huwezi kuamini jinsi nilivyovichukia vitu hivi. Niliionea aibu nyumba hii tangu nilipojua aibu ni nini. Hebu nikueleze.

Ilikuwa miaka ya sabini, mwanzo mwanzo. Wakati huo bado tulihesabiwa kuwa watu wa Machakos. Baba alikuwa fundi wa mashine ya kuchakata katani katika shamba moja kubwa la mzungu, si mbali na reli, na nyumba hii ilikuwa imejengwa na shamba lile kwa ajili ya karani wao. Haikufanana na nyumba nyingine yoyote huku kwetu. Paa lake lilishuka upande mmoja tu, kama kofia iliyovaliwa kwa maringo. Madirisha yalikuwa ya vyuma, marefu, yakianzia karibu na sakafu, hata mbuzi akipita nje anakuona umekula nini. Karani alipoondoka, nyumba ikakaa bure, popo wakaingia, mbuzi nao wakaingia. Kisha upande ule wa shamba ukafungwa na baba akainunua pamoja na kipande cha ardhi, na kila jioni akitoka kazini akawa anaikarabati.

Hakununua kitu kipya hata kimoja. Alikuwa na kipaji cha kujua ni nani anahama na nani anavunja. Milango ilitoka kwenye nyumba za reli zilizobomolewa. Karo ya kuoshea vyombo jikoni ilitoka kwa Mhindi mwenye duka aliyekuwa akienda kwao Uingereza, kwao ambako hajawahi kufika. Viti vilitoka kwa huyo huyo. Baba alivileta kwa mkokoteni wa punda vimefungwa kamba, na sisi watoto tukikimbia nyuma. Jumamosi ilikuwa siku ya sakafu. Mama aliikoroga rangi nyekundu na nta kwenye kopo, akatupaka magotini, yaani sakafuni palipokuwa na magoti yetu, nasi tukasugua kwa vitambaa mpaka tukajiona. Harufu ile ya nta na mafuta ya taa bado iko puani mwangu. Ukichanganya na harufu ya makapi ya katani yakioza upande wa shambani, na muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa ukichemka jikoni na kunde zake, hiyo ndiyo Jumamosi yetu. Garimoshi la mchana likipita tulijua maji yanayoletwa na punda yamechelewa, na mtu mmoja wetu atatumwa mtoni akayaharakishe.

Majirani walikuwa na nyumba za matofali na viti vipya vya mbao vya seremala wa sokoni, viti vinene vyenye kukaa vizuri. Wakija kwetu wanakalia ukingo wa vile viti vyetu vya miguu ya mbuni, wakiogopa visivunjike. Jirani mmoja, mama mwenye ulimi, alikuwa na neno lake. Akipita langoni anauliza, "Bado mnamchungia mzungu nyumba? Atarudi lini?" Watu wazima walicheka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Shuleni nikawa mtoto wa nyumba ya mabaki.

Nyanya, mama yake baba, alikataa kuingia ndani kabisa. Alisema sakafu ile ni ya kuvunja watu viuno. Alikaa jikoni kwake nje, jiko la nyasi alilojengewa na baba, na ukitaka hadithi au kiazi cha kuchoma ulikwenda huko.

Lakini kuna jambo la baba ambalo lazima nikuambie kabla hatujafika kwenye kabati. Baba alikuwa mlevi. Si vile ninavyomkumbuka mimi, maana nilikuwa mdogo sana, lakini watu hawakusahau. Alianza na kaluvu, ile pombe yetu ya asali na miwa wanayokunywa wazee kwenye sherehe, akaendelea na ile nyeupe inayopikwa kwenye mabonde. Kanisani kwetu mlevi hakufukuzwa. Aliwekwa nyuma. Kulikuwa na benchi fupi kando ya mlango, ya mti mbichi uliojikunja ulipokauka, na ukikosea, wazee wakakuita ukakiri, ulikaa pale. Uliimba pamoja na wengine, ulisikiliza neno, lakini Meza ya Bwana ikipitishwa ilikuruka. Sinia lilifika benchi iliyo mbele yako, likageuka. Baba alikaa pale miaka. Akaokoka, akaacha, wazee wakamtazama kwa muda wao, wakampokea. Alipoanza kuikarabati nyumba alikuwa mtu aliyepokelewa upya, na nadhani alifurahia kila msumari.

Sasa kabati.

Meneja wa shamba alipoondoka, vitu vya nyumba yake vilipigwa mnada palepale kwenye nyasi zake. Baba alirudi jioni na punda na kitu kilichofunikwa blanketi. Alipolifunua, hata mimi niliyekuwa na kinyongo na vitu vya mabaki nilisogea karibu. Lilikuwa kabati la mti mwekundu mweusi, laini, kona zake za mviringo, limesimama juu ya miguu minne myembamba yenye vikofia vya shaba nchani. Mbele lilikuwa na mlango uliofunguka kwa kushuka chini, ukawa meza. Ukiushusha, ndani kulikuwa na kioo mgongoni mzima, na taa ndogo juu, taa ya stima, ambayo kwetu ilikuwa pambo tu maana stima tuliisikia kwa wenzetu. Na kulikuwa na rafu iliyotobolewa vitundu vya duara, safu kwa safu, vidogo upande huu, vikubwa upande ule. Tena lilikuwa na ufunguo.

Baba alilibeba na mama mpaka sebuleni, wakafunga mlango. Sisi tulibaki nje tukimfungua punda. Waliongea mle ndani muda mrefu kiasi cha chai kupoa. Walipotoka, mama alikuwa anacheka.

Hapo kanisani kwetu kulikuwa na shida ya glasi. Wamishonari wa zamani walituachia glasi ndogo ndogo za Meza ya Bwana na sinia lake lenye vitundu vya kuzishika. Kanisa lenyewe lilikuwa la udongo, halina pa kufungia kitu, panya na mchwa ndio waliokuwa washiriki wa kudumu. Kwa hivyo glasi zilikaa ndani ya katoni chini ya kitanda cha mama mmoja mzee, na kila mara moja ilivunjika au kupotea. Kuna moja ilionekana sokoni ikipimiwa ugoro. Kina mama walikuwa wakipokezana kuziosha siku ya Jumamosi, na ilikuwa zamu ya mama wiki ile kabati lilipofika.

Jumapili iliyofuata mama alisimama kwenye kikao cha kina mama akasema kwake kuna kabati lenye ufunguo, na ndani yake kuna vitundu ambavyo glasi za Meza zinaingia kama zimepimwa. Wakaja kuona. Siku ile jirani mwenye ulimi hakuuliza habari ya mzungu. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Mama alishusha ule mlango, na glasi zikang'aa zote, na kwenye kioo zikawa mara mbili, na mama mmoja akaanza kuimba taratibu na wengine wakapokea. Ikaamuliwa hapo hapo kwamba glasi zikae kwetu.

Nakuambia, maisha yangu yalibadilika. Nyumba ya mabaki ikawa nyumba inayoweka vyombo vya Bwana. Nilipewa kazi ya kushika taulo siku za kuosha, na nilishika taulo lile kama askari anashika bendera. Baba akipita sebuleni wakati glasi ziko nje, alipunguza hatua. Alikuwa mtu ambaye sinia lilimruka miaka, sasa linalala kwake. Sijui kama kuna kitu alichokipenda kama hicho. Nilimwona mara moja akiipangusa shaba ya miguu ya kabati kwa majivu na ndimu, amepiga magoti, na hakusikia nilipoingia.

Basi ikaja Jumapili ya mhubiri mgeni. Alitoka mbali, hakuwa Mkamba, kwa hivyo siku hiyo watu wote walijitahidi Kiswahili. Alifuatana na mzee mkuu wa makanisa ya upande wetu, mzee mrefu, mkali, ambaye ushuhuda wake tuliujua kwa moyo: kabla ya kuokoka alikuwa mhudumu katika klabu ya wazungu Nairobi, akiwapelekea vinywaji, na akimaliza mabaki ya glasi zao nyuma ya mlango, mpaka Bwana alipomtoa huko. Alikuwa hajawahi kuingia kwetu. Baada ya ibada wageni walikuja kula nyumbani. Mama alikuwa ameamka na kuku na chapati, nyanya ameleta maziwa ya kibuyu yenye harufu ya moshi, na sisi watoto tumepakwa mafuta mpaka nzi wanateleza.

Walipomaliza kula, mama akaziosha zile glasi, akazileta kwenye sinia, akashusha mlango wa kabati mbele yao ili aziweke. Angeweza kungoja waondoke. Alitaka waone, na nani angemlaumu? Mhubiri akasifu. Akasema hata mjini hajaona kanisa linalotunza vyombo vyake hivi. Mimi nilikuwa mlangoni na taulo langu, shingo ndefu.

Mzee mkuu aliweka kikombe chake chini. Akasimama, akasogea, akaingiza kidole kwenye kitundu kimoja kikubwa, akakizungusha.

"Mama," akasema, "hii kabati mimi naijua. Ni ya pombe. Hapa ni shimo ya chupa, na hapa ni ya glasi. Hii taa ni ya kuonyesha pombe."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningeielewa. Alisema kama daktari anayekuambia jina la ugonjwa. Mhubiri akatazama sakafu yetu nyekundu. Mama alikuwa bado ameshika sinia la glasi. Nilimwona akifungua mdomo. Baba alikuwa ameingia na birika na beseni la kunawisha wageni mikono. Akamtazama mama, mama akamtazama, na mdomo wa mama ukafungwa. Mimi nilidhani ni uchungu uliomfunga.

"Nilijua ni ya pombe," baba akasema. "Nilijua siku nainunua. Huyu mama hajui, sikumwambia."

Kisha akawanawisha mikono, mmoja baada ya mwingine, kama alivyokuwa amekuja kufanya.

Glasi ziliondoka siku ile ile ndani ya kikapu, zimefungwa kwa kanga, zikarudi chini ya kitanda cha yule mama mzee. Watu walisema mengi. Walisema baba alikuwa anafanya mzaha na Meza ya Bwana. Walisema mtu hawezi kununua kabati kama lile kama hana chupa za kuweka. Wazee walimwita, akaenda, hakujitetea, na Jumapili iliyofuata akakaa kwenye benchi ya nyuma. Mama alibaki mbele pamoja na kina mama wenzake. Walimhurumia, wakamshika mikono, na yeye ndiye aliyeanzisha wimbo. Sauti yake ilitetemeka mwanzoni, ikakaa sawa.

Na mimi? Mimi nilikaa mbele karibu na mama na sikugeuza shingo. Shuleni wakatuita watoto wa baa. Mchezo ukianza, mmoja ananyoosha mkono mbele yangu na kuagiza chupa. Nilimkasirikia baba kwa hasira ambayo mtoto hawezi kuisema, maana kwetu baba hakasirikiwi. Nilichoweza ni kupunguza mwendo. Tukitoka kanisani nilichelewa makusudi, nikafunga kiatu ambacho hakijafunguka, mpaka baba apite kona ya ua wa mnyaa, nisionekane nikitembea naye. Alitambua. Najua alitambua kwa sababu baada ya muda mfupi sikuhitaji kuchelewa tena. Yule anayekaa karibu na mlango ndiye wa kwanza kutoka, na baba, baraka za mwisho zikiishatolewa, alikuwa ameshaondoka. Tulipofika nyumbani tulikuta moto umewaka na maji ya chai yanachemka. Kila Jumapili. Alikaa nyuma mpaka mvua zikaja zikaisha, zikaja tena, ndipo sinia likamfikia.

Kabati halikutupwa. Nililitaka lipasuliwe kuni, na nilisema hivyo, kwa mama. Lilihamishiwa stoo, na nyanya akalidai liwe lake. Alisema mbegu zake hazijaokoka, kwa hivyo hazitadhurika. Akajaza chupa mbegu za kunde, za mbaazi, za mtama, amezichanganya na majivu zisiliwe na wadudu, na kila chupa ikaingia kwenye kitundu chake kama alivyokusudia meneja. Baba akamsaidia kuzipanga. Wakati wa kupanda nyanya alikwenda kushusha ule mlango, na ndiyo ilikuwa kazi ya kabati kwa miaka yote iliyobaki.

Nyanya alitangulia. Baba akafuata katika miaka ya tisini, mimi nikiwa mtu mzima mwenye kazi na watoto. Kwenye mazishi nilipewa nafasi ya kusema kwa niaba ya familia, nikasema vizuri, kwa Kiswahili cha kupangwa. Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya mama, aliyemwombea baba bila kuchoka mpaka akarudi kundini. Watu wakasema amina. Mama aliinamisha kichwa, kitambaa chake kikamfunika uso, na mimi nikajivunia kwamba nimemgusa moyo.

Sasa turudi kwa fundi wa mlango. Juzi nilimwambia tutoe kabati kutoka stoo, tulipige msasa na vanishi, lisimame sebuleni tena. Watoto wangu wameliona kwenye simu na wamechanganyikiwa kwa furaha. Tukaliweka kwenye veranda, nikatoa zile chupa za mbegu, nyingine bado zimejaa, majivu na vumbi tupu. Fundi akapima ile rafu, akasema vitundu hivi havina kazi nyumbani kwa watu wa heshima, atavifunika kwa plywood, hakuna atakayejua. Nikakubali. Niseme ukweli, lilikuwa wazo langu.

"Ziacheni hizo shimo," mama akasema kutoka kwenye kiti chake.

Akamwomba fundi aende akatazame bati la jikoni. Fundi hakuelewa, lakini mtu hambishii mama. Alipoondoka, mama aliweka kiondo chini na kuniambia nikae. Aliyoniambia aliyasema kwa Kikamba, na ninayaandika hapa nikijua kwamba Kiswahili changu kinayapunguza.

"Baba yako aliniambia siku ile ile alipolileta," alisema. "Aliniambia ni la pombe. Alitaka ang'oe ndani lote tuweke nguo. Mimi ndiye niliyekataa. Glasi za kanisa zilikuwa kwenye beseni, nikaijaribu moja, ikaingia. Nikamwambia, wewe mwenyewe ulipokelewa ukitoka wapi? Tutaliosha kama ulivyooshwa."

Nilimuuliza mbona hakusema siku ile ya wageni. Alisema alitaka, na baba akamtazama. Jioni yake alimwambia baba kwamba atakwenda kwa wazee aseme ukweli, na baba akamkataza. Hakumfokea. Alimwambia yeye benchi ya nyuma ameshaizoea, lakini mama hataiweza.

"Na kweli nisingeiweza," mama akasema. "Nilimwacha akae pale, nikaimba."

Nikamuuliza mbona hakuniambia mimi, miaka yote hii. Sikuuliza kwa upole. Nilikuwa nikifikiria yale mazishi, zile shukrani zangu za kupangwa, kichwa chake kilichoinama.

"Ulikuwa unamwonea aibu," alisema. "Mimi nikaona haya kukuambia kwamba aibu ni yangu."

Wewe rafiki yangu sina la kukupambia. Nilikaa pale kwenye kiti cha Mhindi kilichobaki, msasa mkononi, mwanamke wa umri wangu, uso umewaka moto kama wa mtoto. Aibu niliyoijua utotoni ilikuwa ya kuonwa na watu. Hii ya sasa hakuna aliyeiona isipokuwa mama, naye haoni vizuri. Nilimkumbuka baba akipita kona ya mnyaa, mgongo wake, koti lake la Jumapili lililokuwa la mtu mwingine kabla ya kuwa lake. Alitembea haraka ili mimi nitembee kwa raha.

Vitundu viko palepale. Fundi amepiga msasa pembeni yake kwa makini na hajauliza tena.

Jumapili nilikwenda kanisani mapema. Nilikuwa na wazo, nawe ukicheka nitakuelewa. Mimi niliyezunguka Mwingi, Kanyangi na Makindu nikitafuta vya kale, nilitaka kitu kimoja cha mwisho cha kuweka sebuleni karibu na lile kabati. Kanisa siku hizi ni la mawe, lina vigae, lina spika kubwa. Meza ya Bwana inakuja kwenye vikombe vya plastiki vya kutupa, na baada ya ibada vinajaa kwenye pipa nje, watoto wanavichezea. Zile glasi hakuna anayejua zilikwenda wapi. Siku hizi hakuna anayewekwa nyuma, na sijui kama ni kwa sababu tumekuwa wazuri au kwa sababu hatutazamani tena. Wanaokaa karibu na mlango ni wale wenye haraka zao.

Nilimkuta mzee anayefungua kanisa akipanga viti. Nikamuuliza ile benchi fupi ya zamani iko wapi, ile iliyojikunja, ya kando ya mlango.

Alifikiri kidogo. "Ile ilipasuliwa kuni kitambo," akasema. "Tulipikia wali wa harusi."

Nikamuuliza kama hata mguu wake mmoja ulibaki. Akanihurumia, nadhani, akaniambia kuna viti vizuri huku mbele, vya wageni. Nilimshukuru. Nikachukua kiti cha plastiki, nikakiweka palepale kando ya mlango, nikakaa. Mama aliletwa na majirani, akapelekwa mbele kama kawaida, na wimbo ulipoanza nikaisikia sauti yake chini ya zile spika, nyembamba, bado imekaa sawa.

Baraka za mwisho zilipotolewa nilikuwa wa kwanza kutoka. Nilitembea haraka, nikapita kona ya mnyaa bila kugeuka, na mama alipofika nyumbani alikuta moto umewaka na maji ya chai yanachemka.